Kuandaa mali ghafi ya kuoteshea uyoga kwenye beseni la plastiki: mwongozo kwa wakaaji wa Bukavu

Mtu anayeanza kuotesha uyoga nyumbani huelekeza wasiwasi wake wote kwenye mbegu, yaani punje zilizokwisha kuota nyuzi za uyoga. Hujiuliza ataipata wapi, atailipia kiasi gani, na kama itafika mikononi mwake ikiwa bado hai. Wasiwasi huo una msingi, lakini mabeseni mengi yanayooza hayaozi kwa sababu ya mbegu. Yanaoza kwa sababu mali ghafi, yaani mabua, majani na makapi ambayo uyoga huyala, iliingizwa ndani ikiwa imelowa kupita kiasi au haijasafishwa vya kutosha. Kati ya makosa hayo mawili, la maji ndilo linaloharibu zaidi na ndilo linaloelezwa kidogo zaidi, ndiyo maana katika mwongozo huu nimelipa nafasi kubwa.

Uyoga ninaouzungumzia ni pleroti, ule wenye kofia pana ya kijivu au nyeupe inayokaa kwenye shina fupi la pembeni. Pleroti una nguvu ya kuvunjavunja nyuzi ngumu za mimea, hauhitaji samadi wala udongo wa kufunikia, na hukua haraka kuliko aina nyingine nyingi zinazolimwa. Hali ya hewa yetu nayo inausaidia. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na wastani wa joto lake unakaribia nyuzi 20. Utando wa pleroti, yaani zile nyuzi nyeupe zinazotangulia uyoga wenyewe, hupenda joto la kati ya nyuzi 20 na 28, ilhali uyoga huchomoza vizuri zaidi hewa ikipoa kidogo. Kwa hiyo chumba cha kawaida cha Ibanda, Kadutu au Bagira, kisichopigwa na jua moja kwa moja, kinatosha bila kupashwa moto wala kupozwa.

Kuchagua mali ghafi

Kwa maoni yangu, mali ghafi bora kwa anayeanza hapa Kivu ni masalia ya maharage. Baada ya mavuno, familia za Kabare, Walungu na Kalehe huyapura maharage kwa fimbo uani, na kinachobaki ni lundo la mabua na maganda ambalo mara nyingi huchomwa moto au huachwa lioze. Fimbo huwa zimekwisha kuyavunjavunja mabua hayo, kazi ambayo kwa mimea mingine ungeifanya mwenyewe kwa panga. Tena mabua ya maharage yana naitrojeni nyingi kuliko mabua ya nafaka, na hilo huupa uyoga chakula kizuri. Ubaya wake unatokana na wema huohuo, kwa sababu ukungu nao huipenda naitrojeni, hivyo mabua ya maharage yaliyonyeshewa mara mbili tatu uani hayafai tena. Yatafute mwanzoni mwa kiangazi, mwezi wa sita au wa saba, wakati mavuno ya msimu wa pili yanapokauka vizuri juani, kisha yahifadhi kwenye magunia juu ya mbao, mbali na sakafu, ili uyatumie hata mvua zitakaporudi.

Majani makavu ya migomba yanafaa pia na hupatikana karibu kila mtaa, mradi uyachume yale yanayoning'inia kwenye shina na kuyaacha yaliyolala chini, kwa kuwa hayo yamekwisha kuvamiwa na vimelea vya udongoni. Kasoro yake ni kwamba yakilowa hushikamana kama kurasa za kitabu kilichoanguka majini na kuifungia hewa nje, kwa hiyo yachanganye na kitu kigumu zaidi. Mchanganyiko ninaoupendelea ni sehemu mbili za mabua ya maharage na sehemu moja ya majani ya migomba. Mwenye ndugu kwenye bonde la Ruzizi, kuanzia Luvungi hadi Sange, anaweza kuagiza majani makavu ya mpunga, ambayo hunywa maji vizuri na huleta shida chache. Magunzi ya mahindi yanafaa yakitwangwa hadi vipande vidogo, lakini yaloweke siku nzima kabla ya kuyasafisha, kwa sababu kiini chake hubaki kikavu muda mrefu hata nje pakionekana pamelowa. Makapi ya miwa huwa na sukari iliyobaki ambayo huchachuka haraka, kwa hiyo yaoshe na kuyaanika kabla ya kuyatumia.

Unga wa mbao kutoka kwa maseremala unahitaji uangalifu. Uliza ni mti gani uliopasuliwa. Mbao za misindano na miseprasi zina utomvu unaouzuia utando kukua, na unga wa mikaratusi ukiwa mbichi una mafuta, hivyo uache nje unyeshewe kwa wiki kadhaa kabla ya kuutumia. Unga uliotokana na mbao zilizopakwa rangi au dawa ya kuzuia mchwa usiutumie kabisa, kwani uyoga hufyonza sumu na kuzileta mezani. Hata unga ulio safi usizidi theluthi moja ya mchanganyiko wako, maana ni laini mno na hushindiliana.

Wapo watakaokushauri uongeze pumba za mahindi au machicha ya bia ili uyoga uwe mwingi. Ni kweli kwamba vyakula hivyo huongeza mavuno katika vituo vyenye mitambo ya kuua kila kijidudu kwa mvuke wa shinikizo. Kwa njia za nyumbani, pumba zisizidi gramu 100 kwa kila kilo 2 za mali ghafi kavu, na anayeanza afadhali aziache kabisa. Machicha ya bia usiyaguse, kwa sababu huchacha kabla utando haujapata muda wa kuyatawala.

Kabla ya kubeba mzigo nyumbani, shika fungu moja na ulikung'ute kwenye mwanga. Mabua mazuri yana rangi ya manjano au kahawia hafifu, hunukia kama nyasi kavu, na hukatika kwa sauti yakipindwa. Yakitoa vumbi la kijivu au la kijani, au yakinuka uvundo, yaache hata kama unapewa bure.

Kukata, kupima na kutoboa beseni

Kata mabua yawe na urefu wa sentimita 3 hadi 5. Yakiwa marefu kuliko hapo huacha mapengo ambamo utando hulazimika kuruka hewani, na yakisagwa kuwa unga hujazana hadi hewa ikakosa njia. Kisha pima kilo 2 za mali ghafi iliyokauka vizuri. Kipimo hiki usikiruke, kwa kuwa hesabu zote zinazofuata, za maji, za chokaa na za mbegu, zinakitegemea, na ndicho kitakachokuambia baadaye kama maji yaliyomo yamezidi. Kilo 2 zinatosha beseni moja la lita 20 hivi lenye mfuniko.

Beseni liwe jipya, au liwe limewahi kubeba chakula tu. Chombo kilichobeba rangi, dawa ya mimea au mafuta ya gari hakisafishiki hata ukikisugua mara ngapi. Pasha moto kipande cha nondo ya milimita 10 kisha utoboe matundu pembeni, yakiachana sentimita 15 hivi, mstari wa juu ukipishana na wa chini. Toboa pia matundu manne au matano madogo kwenye sakafu ya beseni ili maji yanayozidi yapate pa kutokea. Kazi hiyo ifanyie nje, kwa sababu moshi wa plastiki unadhuru.

Kusafisha kwa maji ya moto

Lengo la joto ni kupunguza vimelea hadi pleroti upate nafasi ya kutangulia. Kuua kila kilicho hai si lengo, na hata lingekuwa lengo lisingefikiwa jikoni. Ndani ya mabua kuna bakteria wanaostahimili joto, na hao wakibaki hai huendelea kukalia nafasi ambazo ukungu ungezitaka, bila kuusumbua uyoga. Mabua yaliyotokoswa kwa saa nyingi huwa laini, hujaa maji, na huwapoteza walinzi hao, kisha kimelea cha kwanza kuangukia hapo hukuta mlango wazi. Wapo wanaotokosa na wanavuna, sikatai, ila wanahitaji usafi mkubwa zaidi wakati wa kupanda.

Joto linalotakiwa ni nyuzi 65 hadi 75 kwa muda wa saa moja na nusu. Huku kwetu milimani maji huchemka yakifika karibu nyuzi 95, wala si 100, na hilo linaturahisishia hesabu. Ukichanganya vipimo vitatu vya maji yanayochemka na kipimo kimoja cha maji baridi utapata maji ya nyuzi 76 hivi, na mabua pamoja na chombo vikishachukua sehemu yao, joto litashuka hadi karibu 70. Kwa kilo 2 za mali ghafi tumia lita 18 zinazochemka na lita 6 za baridi. Maji ya bomba ya Regideso au ya mvua yote yanafaa.

Tia mabua kwenye gunia safi lililofungwa mdomo, lizamishe kwenye pipa, na uligandamize kwa jiwe lililooshwa ili pasibaki hata kipande kinachoelea. Mwaga maji juu yake, funika, kisha lizungushie pipa mablanketi mazito. Baada ya dakika 40 ongeza lita tatu au nne za maji yanayochemka, hasa kama huna kipimajoto. Ukiwa nacho, hakikisha kwamba mwisho wa saa moja na nusu maji hayajashuka chini ya nyuzi 65. Kipimajoto cha homa hakifai kwa kazi hii, kwani kipimo chake huishia kwenye nyuzi 42 na kitapasuka. Watoto wasikaribie pipa hilo, na gunia liinuliwe na watu wawili, maana likilowa huwa zito na maji yake huunguza.

Kusafisha kwa chokaa bila moto

Njia ya moto ina gharama ambayo kila mpishi wa Bukavu anaijua. Makala, yaani mkaa, ni ghali, na sehemu ya makala yanayoingia mjini hutoka kwenye misitu inayostahili kulindwa, ikiwemo ya Kahuzi-Biega, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1970. Kulima uyoga kwa kumaliza msitu ni hasara kwetu sote, kwa hiyo mwenye nafasi ya kupata chokaa nzuri namshauri atumie njia hii.

Chokaa inayohitajika ni ile iliyozimwa, ya unga mweupe, ambayo wajenzi hupakia kuta. Chokaa ya kilimo haitafanya kazi, kwa sababu haiwezi kuyapandisha maji hadi ukali unaoua vimelea. Chokaa hai ambayo haijazimwa nayo ni hatari, kwani hutokota ikikutana na maji. Nunua iliyofungwa vizuri, kwa kuwa mfuko uliokaa wazi kwa miezi hunyonya hewa ya kaboni na polepole hugeuka kuwa unga usio na nguvu. Pima gramu 5 kwa kila lita ya maji, yaani gramu 120 kwa lita 24. Kiasi hicho ni zaidi ya kile ambacho maji yanaweza kuyeyusha, na ni kwa makusudi, kwa sababu chokaa ya dukani si safi kabisa na ile inayobaki chini huendelea kuyeyuka kila iliyo majini inapopungua. Ukiwa na karatasi za kupimia pH, yaani ukali wa maji ya chokaa, maji yako yanapaswa kufika 12 au kuzidi.

Koroga chokaa kwenye maji kwanza, ndipo uzamishe gunia la mabua na kulitilia uzito. Usiku mmoja unatosha, tuseme kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tatu asubuhi, ambazo ni saa 16. Vaa glovu na ulinde macho, kwani maji hayo huchubua ngozi na tone moja likiingia jichoni ni la kuoshwa mara moja kwa maji mengi safi, kisha mtu apelekwe hospitalini. Baada ya hapo usiyasuuze mabua. Chokaa itakayobaki juu yake haiudhuru pleroti, ambao huvumilia ukali kuliko vimelea vingi, na hewa yenyewe itaendelea kuipunguza nguvu siku hadi siku. Maji yaliyobaki usiyamwage kwenye mfereji, kwenye bwawa la samaki wala ziwani. Yatawanye juu ya ardhi isiyopandwa kitu.

Majivu ya kuni hutumika pia mahali ambapo chokaa haipatikani, lakini nguvu yake hubadilika kulingana na mti uliochomwa, hivyo sishauri yatumike bila karatasi za pH.

Maji yanayobaki ndani ya mabua

Hapa ndipo haraka inapoharibu kazi ya siku mbili. Mali ghafi nzuri ina maji karibu asilimia 65 ya uzito wake wote. Maji hayo yanapaswa kuwa ndani ya nyuzi za mabua, huku nafasi zilizo kati ya bua na bua zikijaa hewa, kwa maana utando unapumua kama sisi tunavyopumua. Maji yakijaa katika nafasi hizo, hewa hukosekana, bakteria wasiohitaji hewa huzaana, na baada ya siku chache chini ya beseni panakuwa na utelezi na harufu ya siki au ya mayai viza. Dalili yake ni rahisi kuitambua, kwa kuwa weupe unaoshuka kutoka juu husimama kwenye mstari mmoja vidole viwili vitatu kutoka sakafuni na hauendi tena.

Ning'iniza gunia au ulitandaze juu ya wavu ulioinamishwa, na uliache lichuruzike kwa muda wa saa nne hadi sita. Wakati wa mvua, hewa ikiwa nzito, muda huo unaweza usitoshe. Likiacha kudondosha, fungua na uangalie bua moja kwa karibu. Lililonywa maji ipasavyo limebadilika kutoka manjano hadi rangi ya asali iliyokolea, hupindika bila kukatika, na uso wake haung'ai. Mng'ao ni maji yaliyo nje, na maji ya nje ndiyo tunayoyakataa. Kisha chukua konzi iliyojaa kutoka katikati ya gunia, mahali ambapo unyevu hujificha, na uikamue kwa nguvu zako zote. Kati ya vidole yatoke matone mawili au matatu yanayosita kuanguka. Maji yakitiririka, bado. Yasipotoka kabisa na kiganja kikabaki kikavu, yamepungua, na unaweza kunyunyizia maji yaliyochemshwa na kupoa.

Mkono hufundishika, lakini mwanzoni hudanganya, ndiyo sababu nilisisitiza mizani. Mabua yaliyokaushwa juani bado yana maji karibu sehemu moja ya kumi, kwa hiyo kilo 2 ulizopima ni kilo 1.8 hivi za mali kavu kabisa. Baada ya kuchuruzika, mzigo wako unapaswa kuwa na uzito wa kilo 5 hadi 5.5. Ukifika kilo 6 maji yamekaribia asilimia 70, na ukizidi hapo usipande. Tandaza mabua juu ya turubai iliyooshwa, ndani ya chumba kisicho na vumbi wala kuku, na uyageuze kila baada ya nusu saa hadi uzito ushuke. Usiyaache hadi kesho yake, kwa kuwa mabua yaliyosafishwa kwa moto huanza kuvamiwa upya mara tu yanapopoa. Mimi kati ya kosa la kukosea upande wa ukavu na lile la upande wa maji, huchagua la ukavu, kwa sababu linarekebishika, na lile jingine halirekebishiki beseni likishafungwa.

Kupanda

Subiri hadi mabua yapoe chini ya nyuzi 30, yaani mgongo wa mkono usisikie uvuguvugu wowote, kwani mbegu ya uyoga hufa kwenye joto ambalo kwetu ni la kawaida la kuogea. Osha beseni kwa sabuni, lisuuze kwa maji yenye javeli (dawa ya klorini ya kufulia) kidogo, na ulikaushe. Funga madirisha, wala chumba kisifagiliwe saa hiyo, maana ufagio huinua vumbi lililobeba ukungu. Osha mikono hadi kwenye viwiko.

Kwa kilo 5 na zaidi za mali ghafi iliyolowa tumia gramu 500 za mbegu, karibu sehemu moja ya kumi. Vituo vikubwa hutumia kidogo kuliko hapo, lakini nyumbani mbegu nyingi ni bima, kwa kuwa utando unaoanzia sehemu nyingi kwa pamoja huutangulia ukungu. Mbegu iwe nyeupe kote na inukie uyoga. Yenye doa la kijani, jeusi au la machungwa, au inayonuka uchachu, irudishe kwa muuzaji. Vunjavunja punje zake mfuko ukiwa bado umefungwa, kisha changanya na mabua kwa mikono, ukiacha konzi moja ya kutandaza juu kabisa. Jaza beseni hadi kina cha sentimita 15 na ubonyeze kwa kiganja ili mabua yagusane, bila kuyashindilia. Ziba matundu ya pembeni kwa pamba safi, funika, na uandike tarehe kwenye mfuniko.

Siku zinazofuata

Beseni likae mahali pasipo na jua kwa wiki mbili hadi tatu, na ukiwa na zaidi ya moja yaache yaachane kidogo, kwa sababu utando unaokula hutoa joto na katikati ya beseni huwa na nyuzi kadhaa zaidi ya chumbani. Usilifunue kila siku kwa hamu ya kuona. Tazama kupitia mfuniko kama unaonyesha ndani, au unuse kwenye pamba. Harufu ya uyoga mbichi ni habari njema.

Weupe ni mzuri, na hata vitone vya majimaji ya manjano juu yake si ugonjwa. Kijani kinachotokea katika wiki ya kwanza ni ukungu uliowahi kabla ya uyoga, na beseni hilo litolewe nje ya nyumba likiwa limefunikwa, kisha lifunguliwe mbali. Unga wa rangi ya machungwa ni mbaya zaidi, kwani husambaa chumba kizima kwa siku moja mbili, kwa hiyo ukiuona usisubiri jioni. Chunguza basi ni wapi palipokosewa. Kijani kilichotawanyika juu kwa kawaida hutokana na usafi wa wakati wa kupanda au mabua yaliyokuwa na ukungu tangu mwanzo, ilhali utelezi na uvundo wa chini ni maji, karibu siku zote.

Weupe ukishafunika kila kitu, ondoa pamba, sogeza beseni mahali penye mwanga wa kutosha kusoma gazeti na hewa inayobadilika, na unyunyizie kuta na sakafu ya chumba maji mara mbili au tatu kwa siku, mara nyingi zaidi wakati wa kiangazi. Vichwa vidogo vitaanza kuchomoza kwenye matundu ndani ya wiki moja hivi, na siku tano hadi saba baadaye utavuna. Uyoga ukitoa mashina marefu na kofia ndogo, hewa haitoshi. Vuna wakati ukingo wa kofia bado umejikunja kuelekea chini. Ukiuchelewesha utamwaga unga mweupe wa vijimbegu ambao huwakohoza watu, hasa wenye pumu. Kilo 2 za mabua makavu hutoa kilo 1 hadi 2 za uyoga mbichi katika mikupuo miwili au mitatu. Kama kwenye beseni patachipua uyoga usiofanana na pleroti, mwembamba na unaoyeyuka kuwa wino mweusi, huo ulitokana na mabua yasiyosafishwa vya kutosha. Ung'oe na usiule.

Baada ya mkupuo wa tatu mabua yamechoka na hayafai kupandwa mbegu tena. Yamwage kwenye shimo la mboji au uyafukie moja kwa moja bustanini, ambapo huozea haraka na kuilainisha ardhi. Beseni lioshe siku hiyohiyo kwa sabuni na javeli, matundu yote yapitishwe kijiti, na likaushwe juani kabla ya kupima kilo 2 nyingine.